Kwa wanaoanza kusoma vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani: fuateni mito na reli

Ninyi mnaoanza kusoma vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa kuanzia mwaka 1861 hadi 1865, nawaomba msianzie Virginia. Mimi nilianzia huko, nikatumia karibu mwaka mzima kufuatilia mapigano ya kati ya Washington na Richmond, miji mikuu iliyotenganishwa na kilomita zisizofika 200, na mwishowe niliweza kusimulia siku tatu za mapigano ya Gettysburg bila kuweza kueleza kwa nini Kusini, yaani majimbo yaliyojitenga, ilishindwa.

Kilichonisaidia ni ramani iliyochorwa mito na reli peke yake. Humo niliona kwamba mito Tennessee na Cumberland inatoka ndani ya Kusini na kumwaga maji yake katika mto Ohio, hivyo aliyemiliki boti zenye mizinga alikuwa na njia ya kuingilia. Februari 1862 Ulysses Grant, jenerali wa Kaskazini, aliziteka ngome za Henry na Donelson zilizoilinda mito hiyo, na kabla mwezi haujaisha Nashville ikawa mikononi mwa Kaskazini. Aprili ya mwaka huo huo manowari za Kaskazini chini ya David Farragut zikaitwaa New Orleans, karibu na mdomo wa mto Mississippi, kutoka upande wa bahari. Vicksburg, ngome ya Kusini iliyokuwa juu zaidi kwenye mto huo, ilizingirwa kwa siku 47 na kusalimu amri tarehe 4 Julai 1863, siku moja tu baada ya mapigano ya Gettysburg kwisha. Askari wapatao 29,000 walijisalimisha, na Port Hudson, ngome ya mwisho ya Kusini kwenye mto huo, ilipofuata siku tano baadaye, Texas na Arkansas, zilizo magharibi ya mto, zilitengwa na Kusini nyingine. Kwa sababu hiyo andikeni tarehe zenu katika safu mbili, mashariki na magharibi, na mzisome kwa pamoja.

Zuio la baharini ambalo Kaskazini iliziwekea bandari za Kusini, lililotangazwa Aprili 1861, halina pigano moja kubwa la kukumbukwa, na wanafunzi wengi hulipita haraka. Msilipite: pamba ilikwama bandarini, na hata Unguja, ambako kitambaa cha merikani kilikuwa mali ya kubadilishana katika misafara ya bara, upungufu wake ulionekana.

Kuhusu reli, Kaskazini ilikuwa na kilomita zipatazo 35,000 na Kusini 14,000 hivi. Jeshi la Kaskazini liliposhindwa Chickamauga, Septemba 1863, askari zaidi ya 20,000 walisafirishwa kwa treni kutoka Virginia hadi Tennessee, safari ya karibu kilomita 1,900, kwa muda wa wiki mbili hivi. Mwaka uliofuata William Sherman, jenerali mwingine wa Kaskazini, alilisha watu wapatao 100,000 kwa reli moja iliyopitia Chattanooga, na Atlanta iliachwa na watetezi wake mwanzoni mwa Septemba, mara alipoikata reli ya mwisho iliyowaletea chakula, ile ya Macon.

Mkishika uzi huo, miezi tisa ya mahandaki ya Petersburg, mji ulio kusini mwa Richmond, nayo itaeleweka, kwa kuwa Grant aliendelea kuurefusha mstari wake kuelekea magharibi, akitafuta kuikata reli moja baada ya nyingine. Richmond ilihamwa mwanzoni mwa Aprili 1865. Robert Lee, jenerali wa Kusini, akaelekea magharibi na jeshi lenye njaa, akitumaini treni za chakula zilizokuwa zikimsubiri katika stesheni ya Appomattox. Jioni ya tarehe 8 askari wapanda farasi wa Kaskazini walizifikia kwanza, na kesho yake akasalimu amri.