Jibu: Mama ana PCOS, testosteroni ya kichanga iko juu

Salaam dada. Umeuliza kama PCOS yako (tatizo la homoni na ovari) ndiyo imepandisha testosteroni (homoni ya kiume) ya binti yako wa wiki mbili. Kwanza ulizia kipimo kilifanywaje. Vipimo vya kawaida, vinavyotumia kingamwili kunasa homoni, huchanganya testosteroni na homoni za tezi za adrenali, ambazo kichanga bado anazo tele, hivyo majibu husoma juu kuliko hali halisi. Omba kirudiwe kwa LC-MS/MS, njia ya maabara inayotofautisha homoni hizo vizuri zaidi.

Kuhusu PCOS yenyewe: androjeni (homoni za kiume) nyingi za mama hugeuzwa estrojeni (homoni ya kike) na kondo la nyuma, kabla ya kumfikia mtoto. Tafiti za damu ya kitovu zenyewe zinapingana kama watoto wa mama wenye PCOS wana androjeni nyingi zaidi.

Ila kinembe kikiwa kikubwa, au anatapika na uzito hauongezeki, tafadhali msisingizie PCOS; huenda ni ugonjwa wa kuzaliwa wa tezi za adrenali. Mpelekeni leo hii apimwe 17-OHP (homoni inayosaidia kugundua ugonjwa huo), sodiamu na potasiamu.