Usifomati Kwanza: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Linux

Barua za Linux zimejaa mezani toka Windows 10 iache kupewa apdeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, watu wana laptopu zao nzima kabisa ila Windows 11 inazikataa, basi wamehamia Mint na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, mfumo wa bure unaokaa pale ilipokuwa Windows. Karibuni sana. Ila naomba jambo moja, ukiniandikia niletee maneno ya mashine yenyewe, usinipe maelezo yako tu. "Haifanyi kazi" haisaidii mtu yeyote, si mimi wala hao wanaojibu bure huko mtandaoni.

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua laptopu ya mtumba nikaweka Linux Mint 22 Xfce mwenyewe kwa flashi. Sauti ipo, kamera ipo, ila waifai hamna kabisa, hata mtandao wa jirani hauonekani. Kijana mmoja wa dukani kaniambia Linux haina waifai, nimpe elfu ishirini afomati anirudishie Windows. Nifanyeje? — *Msomaji, Mbagala*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Elfu ishirini yako kaa nayo, nunua bando. Linux ina waifai toka zamani, shida ni kwamba kuna chipu chache ambazo draiva zake, yaani programu za kuziendesha, ni za siri za kampuni na haziji zimewekwa tayari ndani ya mfumo, inabidi uzivute mwenyewe baadae.

Huyu nilimjibu kwanza pembeni nikamwomba afungue terminali, lile dirisha la kuandikia komandi (Ctrl, Alt na T kwa pamoja) aandike hivi:

`lspci -nnk | grep -iA3 net`

Akanirudishia mistari kadhaa, wa maana ni huu hapa:

`Network controller [0280]: Broadcom Inc. and subsidiaries BCM43142 802.11b/g/n [14e4:4365]`

Basi, mchezo umeisha hapo. Angalia hizo namba kwenye mabano ya mwisho, 14e4 ni Broadcom mwenye chipu na 4365 ndo chipu yenyewe, jina la laptopu lililoandikwa kwa nje wala halina kazi kwasababu kampuni moja inaweza kuweka chipu tofauti kwenye laptopu zinazofanana kwa sura. Ukizichukua hizo namba ukazitafuta mtandaoni utakuta wenzako kibao walishapita njia hiyo hiyo, na jibu lao linakufaa hata kama wako Brazil.

Sasa unaniuliza intaneti ya kuvutia draiva utaipata wapi wakati waifai ndo hamna. Chomeka simu yako kwa waya wa USB, nenda kwenye mipangilio ya simu sehemu ya hotspoti, washa ile ya kugawa intaneti kwa USB. Kompyuta itaiona simu kama waya wa netiweki na hautohitaji draiva yoyote. Ukishapata neti fungua Driver Manager kwenye menyu ya Mint, ikuonyeshe draiva ya Broadcom uichague, au kama unapenda terminali:

`sudo apt update`
`sudo apt install broadcom-sta-dkms`

Subiri, hapa ndo wengi wanapokwama. Kama Secure Boot, ule ulinzi unaokataa draiva isiyo na muhuri unaotambulika, imewashwa kwenye BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine), katikati ya kuinstoli itakuomba utunge pasiwedi. Itunge na uiandike pembeni, kwasababu ukirestati kompyuta itatokea skrini ya bluu ambayo hujawahi kuiona na watu wakiiona wanaogopa wanabonyeza tu kuendelea. Usifanye hivo. Chagua Enroll MOK, yaani sajili muhuri wako, halafu Continue, halafu Yes, weka ile pasiwedi, ndo irestati. Ukiiruka hiyo skrini bila kusajili, draiva itakuwepo ila keneli, kiini cha Linux, itaikataa, ukijaribu `sudo modprobe wl` itakuambia "Key was rejected by service". Ukiona maneno hayo ujue chipu haijafa, ni ule muhuri tu hukuusajili.

Na kama baada ya yote hayo alama ya waifai ipo ila imezimika, andika `rfkill list`. Ikisema Hard blocked: yes, kuna swichi au kitufe kwenye laptopu yenyewe kimezima redio, kitafute ubavuni au kwenye vitufe vya juu vya F. Ikisema Soft blocked: yes basi `rfkill unblock wifi` inatosha. Msomaji wetu wa Mbagala alifika kwenye ile ya bluu, akasajili, sasa hivi ananiandikia kwa waifai.

SWALI: Fundi habari. Nilikuwa nafanya apgredi ya Ubuntu umeme ukakata, na laptopu yangu betri ilishakufa inakula umeme wa ukutani tu. Ikazima. Sasa nikitaka kuinstoli chochote inaleta kosa. Kwenye grupu la WhatsApp mmoja kanipa komandi ya kufuta faili la lock, mwingine kasema nifomati. Nafuta? — *Wa Kahama*

JIBU: Usifute na usifomati. Umenitumia picha ya skrini iliyopigwa kwa simu gizani, imeyumba, lakini nimejitahidi kuisoma na inasema hivi:

`E: dpkg was interrupted, you must manually run 'sudo dpkg --configure -a' to correct the problem.`

Soma tena mstari huo taratibu, mashine imekuambia ugonjwa na dawa humo humo! Dpkg, ile programu inayoweka vifurushi, ilikatishwa kazi njiani, inakuomba uandike hiyo komandi imalizie pale ilipoishia. Iandike, iache imalize, halafu fuatisha `sudo apt --fix-broken install` kwa ajili ya vipande vilivyokuwa vinasubiri vingine, mwisho `sudo apt update` na `sudo apt upgrade` kama kawaida. Na safari hii fanya muda ambao umeme wa kwenu huwa umetulia, au azima UPS.

Kuhusu lile faili la lock, yaani kufuli linalozuia programu mbili zisiinstoli kwa pamoja, huyo aliyekushauri hana nia mbaya ila anachanganya makosa mawili. Lile la lock linakuja na maneno "Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend" na mara nyingi linakutajia mpaka namba ya programu inayolishikilia, na kwenye Ubuntu mara nyingi mshikaji ni apdeti za kimyakimya zinazofanyika zenyewe ukishawasha kompyuta. Dawa yake ni kusubiri, kanywe chai urudi. Ukilifuta kwa nguvu wakati mwenzio bado anaandika, programu mbili zinaweza kuandika kwenye orodha moja ya vifurushi kwa wakati mmoja na hapo ndo utaharibu kweli. Na hiyo orodha yenyewe, faili la `/var/lib/dpkg/status`, ikitokea siku umeme umekata vibaya ikawa tupu au imejaa takataka bado hujafikia kufomati, nenda `/var/backups` utakuta nakala za siku zilizopita zinaitwa dpkg.status.0 na kuendelea. Mfumo unajiwekea wenyewe. Mafundi wengi wa kufomati hawajawahi hata kulifungua hilo folda.

SWALI: Mambo fundi, laptopu yangu ina Windows na Linux pamoja. Kila nikitoka Linux nikiingia Windows saa inakuwa nyuma masaa matatu. Betri ya saa nimebadilisha, bado. Ni virusi? — *Wa Tanga*

JIBU: Poa. Si virusi, na betri ya zamani umeitupa bure. Masaa matatu ndo yenyewe haswa, ingekuwa sita ningesema laptopu imejifunza kuhesabu saa za Kiswahili. Sisi Afrika Mashariki tuko masaa matatu mbele ya saa ya dunia, UTC. Linux inaiandika saa ya ndani ya mashine kwa UTC kisha yenyewe inajumlisha tatu inapokuonyesha. Windows inaamini saa ya ndani ni ya hapa hapa nyumbani, haijumlishi kitu. Kwahiyo Linux ikiacha saa nne imeandikwa kule ndani, Windows inakuambia ni saa nne wakati kiukweli ni saa saba. Patanisha ukiwa Linux:

`timedatectl set-local-rtc 1`

Ukiandika `timedatectl` peke yake baada ya hapo utaona onyo refu kwamba mtindo huu una matatizo, hasa kwa nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kwa misimu. Ni onyo la kweli kwa mtu wa Ulaya, sisi hatusogezi saa, litazame tu upite.

SWALI: Ndugu mhariri wa safu, mimi ni mwalimu, shule yetu ina chumba cha kompyuta zenye Ubuntu na Mint na intaneti yetu ni ya bando kupitia rauta ndogo. Kila kompyuta ikifanya apdeti bando linakatika kabla hata nusu hazijamaliza, mkuu wa shule sasa anasema apdeti zizimwe moja kwa moja. Kuna namna? — *Mwalimu, Kigoma*

JIBU: Mwalimu, heshima yako, na mwambie mkuu asubiri kidogo maana hili lina dawa nzuri na ni ya bure. Kompyuta zako zinavuta vitu vilevile mara nyingi bila sababu. Chagua moja yenye diski kubwa, hiyo ndo iwe inavuta, zingine zichukue kwake ndani kwa ndani bila kugusa bando. Kwenye hiyo moja:

`sudo apt install apt-cacher-ng`

Hakikisha ina anwani isiyobadilika kwenye rauta, tuseme 192.168.1.10. Kwenye kila kompyuta nyingine tengeneza faili `/etc/apt/apt.conf.d/01proxy`, ndani yake mstari mmoja tu:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`

Usisahau ile nuktamkato ya mwisho, ikikosekana apt itagoma kabisa kusoma faili. Kuanzia hapo kompyuta ya kwanza ikiomba kifurushi kinavutwa toka nje na nakala inabaki, ya pili ikiomba inapewa nakala. Angalizo ni mawili, hiyo kompyuta mama lazima iwe imewashwa zingine zinapofanya apdeti, na pili inahifadhi vinavyokuja kwa http ya kawaida, ambayo ndo Ubuntu na Mint zinatumia zikiwa hazijabadilishwa, vile vya https havihifadhiki hivihivi. Mint na Ubuntu zinachangia vifurushi vingi pale ambapo Mint imejengwa juu ya toleo hilohilo la Ubuntu, mfano Mint 22 na Ubuntu 24.04, kwahiyo kama unaweza zilinganishe matoleo utaokoa zaidi.

SWALI: Nataka kuuliza kwa hao wataalamu wa nje lakini kiingereza changu cha kuungaunga, na niliwahi kuuliza nikajibiwa kwa ukali nikaacha. Unashauri nini? — *Dada wa Morogoro*

JIBU: Dada pole kwa huo ukali, wapo watu wa hivo, ila wengi wao sio wabaya, wamechoka kuulizwa swali lisilo na kitu ndani. Kiingereza chako kinatosha kwasababu sehemu kubwa ya swali haiandikwi na wewe, inaandikwa na mashine. Andika sentensi tatu, unataka kufanya nini, umefanya nini, kimetokea nini, halafu bandika yafuatayo kama maandishi na sio picha, ili mtu aweze kuyakopi akayatafute:

`inxi -Fxxxz`
`journalctl -b -p err`

Ya kwanza inaeleza kompyuta yako yote, na hiyo herufi z mwishoni usiitoe, inaficha anwani za IP na MAC zako. Ya pili ni makosa toka ulipowasha, ipitie kwanza kwa macho usibandike jina la mtandao wa nyumbani au kitu cha siri. Kama kompyuta yako umeiweka kwa Kiswahili au lugha nyingine, tanguliza `LC_ALL=C` mbele ya komandi ili majibu yatoke kwa kiingereza. Peleka Ask Ubuntu kama ni Ubuntu, Mint wana sehemu yao, Debian, Linux nyingine, wapo kwenye chaneli ya #debian kule OFTC, mtandao wa kuchatia. Na hata kama hutumii Arch, nayo ni aina ya Linux, soma ile wiki ya Arch, mimi natumia Debian na kila wiki nipo humo.

Wakikupa komandi usikimbilie kuibandika. Ikiwa na `rm -rf` au `dd of=/dev/sda`, au inavuta skripti toka tovuti usiyoijua na kuikabidhi kwa `sudo bash` moja kwa moja, uliza kwanza inafanya nini. Mtu mwema hachukii kuulizwa hivo. Na ikipona rudi uandike imeponea wapi, yupo mwingine atakuja na namba zilezile.

YA HARAKA HARAKA

Wa Lindi mwenye printa: hujaniambia hata jina lake. Iwashe, ichomeke, niletee majibu ya `lsusb` na `lpstat -t`.

Wa Eldoret mwenye skrini nyeusi baada ya kuinstoli: washa huku unagusagusa Esc au umeshika Shift mpaka menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha, itokee, simama kwenye mstari wa juu ubonyeze e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, nenda mwisho wake uache nafasi uongeze `nomodeset`, halafu Ctrl na X. Hiyo ni ya kuingilia mara moja tu, ukirestati inapotea. Ukishaingia nitumie `lspci -nnk | grep -iA3 vga` ndo tujue kadi ya picha ni ipi na draiva ipi inakuhusu.