Ushauri kwa Wanaoanza Kuchunguza Makanisa ya Vijijini ya Uskoti

Wengi wenu mnaojiunga na kazi hii ya kuchunguza majengo ya kale mnafika Uskoti mkiwa mmekwisha kusoma habari za makanisa makuu ya Ufaransa na Uingereza. Mnapoingia kwa mara ya kwanza katika kanisa la kijiji na kukuta kuta tupu zilizopakwa chokaa, madirisha ya vioo visivyo na rangi, mabenchi ya mbao na mimbari iliyoinuliwa juu, ni rahisi kudhani kwamba hakuna la kuandika. Nimewaona wanafunzi wazuri wakilimaliza kanisa zima kwa nusu saa, wakaondoka na picha za mnara peke yake. Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba msianze na swali la mtindo wa ujenzi. Ulizeni kwanza mhubiri alisimama wapi, kila tabaka la watu liliketi wapi, na ni nani aliyelipa gharama. Karibu kila badiliko mtakaloliona katika kuta hizo lilitokana na mojawapo ya mambo hayo.

Mahali pazuri pa kujifunzia ni Dalmeny, kijiji kilichoko magharibi ya Edinburgh, karibu na madaraja ya mto Forth. Kanisa lake, lenye jina la Mtakatifu Cuthbert, lilijengwa katika karne ya 12, wakati parokia za Uskoti zilipokuwa zikipewa mipaka na mapato ya kudumu chini ya Mfalme David I, aliyetawala kuanzia 1124 hadi 1153. Likitazamwa kutoka kusini, jengo linashuka kwa hatua kuelekea mashariki: mnara, kisha ukumbi wa waumini, kisha patakatifu palipo pafupi na pembamba kuliko ukumbi, na mwishoni kabisa chumba cha nusu duara ambamo madhabahu ilisimama. Mpango huo unaeleza wenyewe ibada ya wakati ule. Padri alikuwa mbali, upande wa mashariki, na kila hatua ya kumkaribia ilipita chini ya tao jembamba zaidi na lenye nakshi nyingi zaidi.

Msiingie ndani upesi. Simameni mbele ya mlango wa kusini, kwa sababu huko ndiko wachongaji walikoweka ustadi wao. Matao yake yamewekwa moja ndani ya jingine, na katika mawe yake wamechonga viumbe, kimoja kimoja: wanyama wa kweli na wa kubuni, vichwa vya watu, na Mwanakondoo wa Mungu. Juu ya mlango kuna safu ya matao madogo yanayopishana kama ukili wa mkeka. Mawe ya mchanga yamelika kwa karne nyingi za mvua na upepo, na mtu anayefika saa sita mchana haoni zaidi ya uvimbe na mashimo. Fikeni asubuhi au alasiri, jua linapoupiga ukuta kwa ubavu, na mtaona mkia, kisha ukucha, kisha jicho. Kukiwa na mawingu, na kwa Uskoti ndiyo hali ya kawaida, shikeni tochi pembeni kabisa ya ukuta ili mwanga uteleze juu ya jiwe. Jeneza la jiwe lililoko nje karibu na mlango, lenye safu ya sanamu za watu zilizofifia ubavuni, halisomeki kwa njia nyingine yoyote. Msisugue jiwe, msikwangue kuvu wala majani yaliyoota juu yake, na msifuatishe mchongo kwa chaki. Nakshi iliyodumu karne tisa inaweza kubanduka chini ya kidole.

Wataalamu huwahusisha wachongaji wa Dalmeny na wale waliofanya kazi katika abasia (makao ya watawa) ya Dunfermline, ng'ambo ya mto, na nakshi zinazofanana nazo ziko Leuchars huko Fife. Mkiyaona makanisa hayo mtauliza kwa nini Uskoti haina mamia ya namna hiyo. Jibu linapatikana katika njia ya fedha. Fungu la kumi la nafaka na mifugo la kila parokia lilikusudiwa kumtunza padri na jengo, lakini wafalme na mabwana waliyatoa mapato hayo, parokia moja baada ya nyingine, kwa abasia, makanisa makuu na vyuo, hata kufikia karne ya 16 zaidi ya asilimia 80 ya parokia za nchi zilikuwa zimepoteza sehemu kubwa ya mapato yake. Anayemwonea mwashi wa kijijini kwa kujenga ukuta wa kawaida afikirie kwanza kwamba mavuno ya kijiji hicho yaligharimia matao ya mahali pengine. Kwangu mimi jambo hili lina uzito kuliko maelezo yote ya mtindo, nami husikitika linapoachwa nje ya ripoti.

Mwaka 1560 Bunge la Uskoti lilikataa mamlaka ya Papa na kupiga marufuku misa. Wengi huandika habari za Matengenezo ya Kanisa kana kwamba yalikuwa kazi ya kuvunja tu. Sanamu na madhabahu viliondolewa kweli, na katika sehemu nyingi patakatifu paliachwa paanguke au palikatwa kwa ukuta. Lakini kilichobadilika kwa kina zaidi ni mwelekeo wa watu. Neno lililohubiriwa lilichukua nafasi ya madhabahu, na ili wote wasikie, mimbari iliwekwa katikati ya ukuta mrefu, mara nyingi ule wa kusini, na watu wakageuzwa kuitazama. Palipokuwa na watu wengi kuliko nafasi, ubawa mmoja uliongezwa kaskazini, ukiitazama mimbari, na jengo likapata umbo la herufi T. Umbo hilo ndilo mtakalokutana nalo mara nyingi vijijini, na linaweza kutambuliwa hata mlango ukiwa umefungwa: tafuteni madirisha mawili marefu yaliyokaribiana katikati ya ukuta mrefu. Mhubiri alisimama kati yake, akisomea kwa mwanga wa pande zote mbili.

Ubawa wa kaskazini unastahili muda wenu mwingi. Mwaka 1588 Mkutano Mkuu wa Kanisa ulikataza maziko ndani ya makanisa, na familia za wenye ardhi, ambazo hazikutaka kutenganishwa na wafu wao, zikajenga mabawa yaliyoungana na kanisa bila kuhesabiwa kuwa sehemu ya ukumbi wa ibada. Chini kulikuwa na chumba cha maziko, na juu yake roshani ambamo bwana na jamaa yake waliketi wakitazamana na mchungaji ana kwa ana, juu ya vichwa vya wapangaji wao. Baadhi ya roshani zina chumba cha nyuma chenye mahali pa kuotea moto. Dalmeny nayo iliongezewa ubawa wa namna hiyo mwaka 1671, unaoitwa kwa jina la Rosebery. Mkipima ubawa wowote, pimeni pia urefu wa sakafu ya roshani kutoka sakafu ya mimbari. Tofauti hiyo inaeleza mengi kuhusu nani aliyekuwa juu ya nani.

Tazameni pia karibu na lango la kanisa, ambako mnaweza kuona pete ya chuma iliyoning'inia kwa mnyororo. Makanisa ya Duddingston na Fenwick bado yanazo. Ilifungwa shingoni mwa mtu aliyehukumiwa na baraza la wazee wa kanisa, ili waumini wampite wakienda ibadani. Iandikeni kwa makini, pamoja na urefu wake kutoka ardhini, na msiitaje kama kituko cha kuwachekesha wageni.

Tukirudi kwenye gharama, baada ya Matengenezo wajibu wa kujenga na kukarabati kanisa na nyumba ya mchungaji uliwaangukia wenye ardhi wa parokia, na uliendelea hadi sheria ya 1925 ilipoanza kuuondoa. Hii ndiyo sababu makanisa mengi ya karne ya 18 ni mastatili ya mawe yasiyo na pambo isipokuwa kibanda kidogo cha kengele juu ya ukuta wa mwisho: waliolipa walitaka paa lisilovuja kwa bei ndogo, na mara nyingi walikubali kujenga upya pale tu la zamani lilipokuwa hatari. Katika Nyanda za Juu, kaskazini mwa Uskoti, ambako parokia moja ilienea mabonde mengi, serikali iliingia kati katika miaka ya 1820, ikajenga makanisa 32 kwa michoro iliyosimamiwa na mhandisi Thomas Telford, huku kanisa na nyumba ya mchungaji kwa pamoja vikiwekewa kikomo cha pauni 1,500.

Mojawapo ni Croick, huko Sutherland, lililokamilika 1827. Ni jengo dogo la umbo la T, lenye madirisha ya vioo vidogo vyenye umbo la msambamba. Mwaka 1845 wakulima wa Glencalvie walifukuzwa mashambani ili ardhi itumike kwa kondoo, wakajihifadhi katika uwanja wa makaburi chini ya vibanda vya kitambo. Hawakuingia ndani ya kanisa. Baadhi yao walikwangua maneno juu ya vioo kutoka nje, kwa Kiingereza ingawa lugha yao ilikuwa Kigaeli, wakitaja tarehe 24 Mei 1845 na kujiita kizazi kiovu. Maandishi yangalipo. Ni madogo, na mtu hupita mbele ya dirisha bila kuyaona mpaka ainame na kutazama kioo chenyewe, si kilicho nyuma yake. Kichunguzeni kila kioo cha kale kwa namna hiyo, hata mnapoambiwa hakuna kitu.

Miaka miwili kabla ya hapo, 1843, wachungaji zaidi ya 450 walikuwa wameliacha Kanisa la Uskoti wakipinga haki ya wenye ardhi kuwateulia parokia wachungaji, wakaanzisha Kanisa Huru. Ndiyo maana kijiji chenye watu mia tatu kinaweza kuwa na makanisa mawili yanayotazamana, moja la karne ya 18 na jingine la miaka ya 1840. Kuna mabwana waliokataa kuwapa viwanja, na huko Strontian waumini waliagiza kanisa la chuma linaloelea, likatiwa nanga katika Loch Sunart mwaka 1846. Wasomaji wa Kenya wana sababu ya kulifuatilia Kanisa la Uskoti, linaloongozwa na mabaraza ya wazee, kwa kuwa misheni yake huko Kikuyu ni miongoni mwa mizizi ya PCEA, Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki.

Sasa tahadhari. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 vinanda vya filimbi viliruhusiwa, na ladha ya zama za kati ikarudi. Makanisa mengi yaligeuzwa tena: mimbari ikaondolewa ukuta mrefu, meza ya ushirika ikawekwa mashariki, na lipu ya ndani ikabanduliwa ili mawe yaonekane. Mawe tupu yanayowafurahisha wageni kwa kuonekana ya kale mara nyingi ni kazi ya warekebishaji hao, kwa maana wajenzi wa kwanza walipaka chokaa ndani na nje. Hata mnara wa Dalmeny, unaoonekana kuwa mwenzi wa jengo lote, ni wa 1937; ule wa awali ulianguka karne nyingi zilizopita. Kabla ya kutaja umri wa ukuta wowote, someni kumbukumbu za baraza la wazee na za wenye ardhi katika Hifadhi ya Taifa mjini Edinburgh, kisha zile taarifa za parokia ambazo Sir John Sinclair aliwaomba wachungaji wamwandikie, zilizochapishwa kati ya 1791 na 1799. Mchungaji aliyelalamika humo kwamba paa linavuja ni shahidi mzuri kuliko mtindo wa dirisha.

Kuhusu hali ya jengo, angalieni viungo vya mawe. Mliokulia karibu na nyumba za kale za Lamu au Unguja mnajua tabia ya chokaa: inapumua, na maji yaliyoingia hutoka. Saruji iliyotiwa katika karne ya 20 huyafungia maji ndani ya jiwe la mchanga, na baridi inapoyagandisha, uso wa jiwe hubanduka huku saruji ikibaki imesimama kama fremu. Pigeni picha za viungo hivyo kwa karibu na mviandike kwa nambari za mawe.

Kanisa la Uskoti sasa linafunga na kuuza majengo mengi, na wanunuzi hutoa mabenchi kabla ya kitu kingine chochote. Kwa hiyo mkipewa siku moja tu katika kanisa linalouzwa, anzeni na viti: choreni ramani ya kila benchi, nambari zilizopakwa rangi kwenye milango yake, majina ya mashamba, na upande linaoelekea. Kuta zitakuwapo mwakani.