Shosho anafungiwa ndani mchana kutwa, nifanye nini? Maswali yenu wiki hii

Meseji nyingi wiki hii ni za wazee na watu wasiojiweza kuteswa kwa nyumba zao wenyewe, nimechukua nne.

Kwa ploti yetu huku Umoja kuna shosho anafungiwa na kufuli mpaka bintiye arudi usiku. Nikimuuliza kwa dirisha anasema ako sawa. Ni umbea?

Si umbea, na asante kwa kuuliza. "Niko sawa" ya mtu anayelishwa na mwingine usiichukue hivyo hivyo, anaogopa akisema ukweli kesho atakula wapi. Angalia mkono wa juu, ukiona madoa ya damu kuvilia yamepangana kama vidole vinne, huyo huenda ameshikwa kwa nguvu, si kuanguka tu. Angalia kama anakonda na wenzake wanashiba, kama analala na mkojo, kama dawa za presha zimewekwa juu ya kabati asipofika. Nyanya yangu alikuwa anafuta kikombe chake na leso kila akisikia viatu vya yule tuliyemwandika kumtunza, kikombe kikavu kabisa lakini anafuta tu, na sisi tukasema ni uzee, mpaka leo inaniuma.

Muulize akiwa peke yake, maswali madogo tu, umekula nini leo, nani anakupea dawa. Inawezekana binti hana pesa ya kuandika mtu, lakini hata hivyo kufuli ni hatari, moto ukishika atatokaje? Ukiona majeraha usianze kugombana na binti, mzee ndiye atalipia usiku. Enda kwa chifu, ama dawati la jinsia pale polisi, ama piga 1195, laini ya kuripoti dhuluma, ni bure mchana na usiku. Si lazima uwe na ushahidi mkononi, kuchunguza ni kazi yao.

Baba ana miaka 74, ndugu yangu ndiye humchukulia pesa za Inua Jamii, zile serikali hupea wazee, na mzee haoni hata shilingi. Hiyo nayo ni kuteswa?

Ndiyo kabisa. Elfu mbili kwa mwezi ni za mzee, si za kijana. Sheria ya dhuluma za nyumbani ya 2015 inahesabu pia unyanyasaji wa kiuchumi, na korti inaweza kutoa amri ya kumlinda. Enda na mzee mwenyewe kwa chifu ama kwa ofisi ya maendeleo ya jamii, mseme akiwepo.

Ndugu yangu anaumwa akili, mama humfunga kamba kwa kitanda akienda kuuza mboga. Nikiripoti mama atashikwa?

Siwezi kukuapia hatashikwa. Lakini hii naisikia kama mama amechoka na amekosa mtu wa kumpokea, kwa hivyo anza na matibabu, mpelekeni Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili pale Thika Road, na nyinyi watoto wengine mgawane siku za kukaa naye. Kamba itoke leo, Katiba kifungu cha 54 inasema atendewe kwa heshima kama mtu yeyote.

Dadangu haongei na nadhani amenajisiwa. Polisi wanataka pesa ya P3, ni kweli inalipiwa?

Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha, ni bure, usitoe kitu. Lakini hospitali kwanza, dawa za kuzuia HIV zinafaa kuanzwa kabla ya masaa 72 kuisha. Usimwogeshe, nguo alizovaa zitie kwa bahasha ya karatasi si ya plastiki, halafu polisi wakiandika ripoti usitoke pale bila namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio.