Mwalimu wa upasuaji naye atafutiwe mwalimu

Kwetu daktari akishafaulu mtihani wa ubingwa, hazipiti siku nyingi anakabidhiwa maresidenti, yaani madaktari wanaosomea ubingwa, na kuambiwa awafundishe. Miaka yote aliyosoma, iwe M.Med (shahada ya uzamili ya udaktari) chuoni au miaka mitano ya kupitia COSECSA (chuo cha madaktari wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini), alipimwa anavyopasua na anavyomfikiria mgonjwa. Anavyofundisha hakuna aliyemtazama. Basi anafundisha kama alivyofundishwa: aliyelelewa kwa kufokewa anafoka, aliyelelewa na bosi mkimya ananyamaza.

Nimelelewa na wakubwa, na sasa nawalea mabingwa wapya. Ukiwa mmoja wao, usimfuate mkubwa ukamwambia, "Prof, naomba uwe mlezi wangu." Atakubali, mtapiga picha, mambo yataishia hapo. Mwombe jambo dogo lenye siku yake: "Prof, Jumanne nina ngiri ya kinena na resident wa mwaka wa pili. Naomba uje unitazame ninavyofundisha."

Siku hiyo mlezi asinawe kuingia kwenye upasuaji. Akishavaa glovu, upasuaji umekuwa wake na wewe umegeuka msaidizi. Asimame kichwani, karibu na mtu wa usingizi, atazame mikono na kusikiliza maneno. Kuna mambo mawili ya kuangalia hasa. Kwanza, pale kwenye sinki la kunawia, mwalimu na resident walikubaliana ni hatua ipi atafanya kijana mwenyewe, na ni wakati gani mwalimu atachukua koleo? Pili, alipolichukua, alisema kwa nini? Bingwa mmoja niliyemtazama alisema "hapana, hapana" tangu kuchana ngozi mpaka kushona. Resident alijua kila asichotakiwa kufanya. Cha kufanya hakuambiwa.

Maoni yasitolewe pale pale. Ngiri nyingi tunazifanya kwa sindano ya mgongo, na mgonjwa yuko macho nyuma ya shuka, anasikia kila kitu. Manesi nao wanasikia, na stori za tieta, chumba cha upasuaji, hufika wodini kabla ya mgonjwa. Subirini chumba cha chai, wawili tu, na mlezi aanze kwa kuuliza: "Wewe mwenyewe umeonaje?" Kisha ataje jambo moja la kurekebisha. Akitaja kumi, hakuna litakalokumbukwa Jumanne ijayo.

Mlezi wako asiwe mkuu wa idara yako. Anayepanga zamu zako na kusaini likizo yako hutamwambia kwamba unamwogopa resident mkaidi. Tafuta mtu wa idara nyingine, hata daktari wa wanawake. Na ukitaka ukweli mtupu, muulize nesi mkongwe wa tieta. Ameona walimu wengi kuliko profesa yeyote, ila hakuna anayemuuliza.

Heshima yetu kwa wakubwa ni nzuri lakini inaziba midomo, kwa hiyo mkubwa ndiye aanze kuifungua. Mimi upasuaji wa matundu madogo nilifundishwa na bingwa niliyekuwa namlea. Nilisimama nikashika kamera, akanielekeza. Tangu hapo akawa ananiambia wazi ninapomkatiza mbele ya wanafunzi, jambo ambalo zamani asingethubutu.

Mabingwa walio peke yao mikoani wana kazi ngumu zaidi. COSECSA, yenye makao yake Arusha, inaruhusu mtu asomee ubingwa kwenye hospitali iliyoidhinishwa bila kuhamia chuo kikuu, kwa hiyo wapo walimu wasio na mwenzao hata mmoja wa kuwatazama. Hapo simu inasaidia. Pangeni saa maalumu ya kuzungumza, la sivyo dharura zitaimeza. Ukirekodi unavyofundisha, sauti yenyewe inatosha, kwa idhini ya mgonjwa na ya resident. Jina la mgonjwa, sura na namba ya faili visionekane wala kusikika, na rekodi isiwekwe kwenye grupu la WhatsApp la idara. Mtumie mlezi peke yake, kisha mkishaisikiliza ifutwe.