Dodoso la vipengele 24, faktori 7: kagua mipangilio ya SPSS kabla ya kulaumu data

Mkuu, kwa ulivyoeleza, una vipengele 24 vya skeli ya Likert ya alama 5 kuhusu mikopo ya simu, wahojiwa 132 wa sokoni, KMO (kipimo cha kama vipengele vinashirikiana vya kutosha kuchanganuliwa) 0.71, na SPSS, programu ya takwimu, imetoa faktori 7 (makundi ya vipengele vinavyojibiwa kwa kufanana) zinazobeba asilimia 63 ya mtawanyiko (tofauti za majibu). Mbili za mwisho zina kipengele kimoja kimoja, na msimamizi anataka uzipe majina usonge mbele na Sura ya Nne. Usizipe majina kwanza. Faktori yenye kipengele kimoja haijafupisha chochote, ni kipengele kile kile kimevaa koti.

Saba hiyo imezaliwa na mipangilio ambayo SPSS inakuja nayo: mbinu ya vijenzi vikuu, kisha kubakiza kila kijenzi chenye thamani aigeni (kiasi cha mtawanyiko kinachobebwa, kipengele kimoja kikihesabiwa 1) inayozidi 1. Watu huongeza varimax (mbinu ya kuzungusha mihimili ili faktori zisomeke kirahisi) juu yake. Mchanganyiko huo wa Henry Kaiser unajulikana kwa jina la utani "Little Jiffy", na naamini umedumu kwa sababu tu ndio uliotangulia kwenye menyu.

Anza na mbinu. Vijenzi vikuu vinachukua mtawanyiko wote wa kila kipengele, pamoja na makosa ya upimaji, na kuufupisha. Uchanganuzi wa faktori wenyewe unachukua ule tu ambao vipengele vinashirikiana, kwa sababu dhana yake ni kwamba kuna kitu kisichoonekana (imani, hofu ya deni, urahisi) kinachofanya majibu yafanane. Tofauti inaonekana kwa hesabu ndogo. Chukua vipengele vitatu, kila jozi ina koreleisheni (kiwango cha uhusiano, kutoka -1 hadi 1) ya 0.36. Kwa faktori, uzito wa kila kipengele (kinavyoshikamana na faktori) ni 0.60, maana 0.60 × 0.60 = 0.36. Kwa vijenzi vikuu, thamani aigeni ya kwanza ni 1 + 2 × 0.36 = 1.72, na uzito unakuwa kipeuo cha pili cha 1.72/3, yaani 0.76. Data ni ile ile, lakini mtu wa vijenzi vikuu anaandika "uzito mkubwa" na kutembea kifua mbele. Vipengele vikiwa vichache kwa kila faktori, uvimbe huu unazidi. Kwenye SPSS fungua Analyze, Dimension Reduction, Factor, halafu kwenye Extraction badilisha uweke Principal axis factoring.

Sasa idadi. Thamani zako aigeni ulizobandika ni 6.2, 2.4, 1.9, 1.3, 1.2, 1.1 na 1.05. Kanuni ya "zaidi ya 1" ingekuwa na maana kama ungehoji watu wote duniani. Kwa sampuli, hata namba za bahati nasibu zisizo na uhusiano wowote hutoa thamani zinazovuka 1: ukitengeneza data tupu ya watu 132 na vigeu 24, zaidi ya theluthi ya thamani zote zitapita 1, na ya kwanza itakaribia 2. Hapo ndipo uchanganuzi sambamba wa John Horn (1965) unapoingia. Kompyuta inatengeneza seti mamia za data tupu zenye ukubwa kama wako, inachukua, kwa kila nafasi, thamani inayozidi asilimia 95 ya zilizopatikana, na wewe unabakiza tu zile zako zinazozidi za data tupu kwa mpangilio: ya kwanza kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili. Kwa namba zako, tatu za mwanzo zinapita. Ya nne, 1.3, inaanguka chini ya ile ya bahati nasibu. Kwa hiyo anza na 3, kisha jaribu 2 na 4 uone ipi inasomeka. Grafu ya Cattell ya mwaka 1966, inayochora thamani aigeni zikishuka, ni msaada tu, maana "kiwiko" chake kila mtu anakiona mahali pake.

Matoleo mengi ya SPSS hayana uchanganuzi sambamba kwenye menyu. Jamovi, programu nyingine ya takwimu, ni ya bure na inaufanya bila kuombwa. Kwenye R, lugha ya takwimu, pakiti ya psych inatosha (d ni data yako): fa.parallel(d, fa="both", cor="poly"), halafu fa(d, nfactors=3, fm="pa", rotate="oblimin", cor="poly"). Hilo neno poly linaiambia programu itumie koreleisheni za polikoriki, ambazo zinatambua kwamba alama 1 hadi 5 ni madaraja na si vipimo kama kilo. Kama majibu yamesambaa vizuri kwenye madaraja 5, tofauti haitakushtua. Kama wengi wamerundikana kwenye "nakubali sana", koreleisheni za kawaida zitashuka, na utapata faktori ya uongo inayokusanya vipengele vilivyojibiwa kwa mrundikano mmoja, hata kama maudhui yake hayafanani.

Kuhusu mzunguko wa mihimili: varimax inalazimisha faktori zisihusiane kabisa. Kwenye mitazamo ya watu hilo halina mantiki. Anayeiona huduma ni rahisi kwa kawaida anaiamini zaidi pia. Tumia oblimin au promax, zinazoruhusu faktori kuhusiana, angalia jedwali la uhusiano kati ya faktori, na kama zote ziko chini ya 0.3 rudi varimax kwa amani. Oblimin inatoa majedwali mawili ya uzito, na hapa wengi huchanganya. Soma lile linaloitwa Pattern Matrix. Lile la Structure linaonyesha koreleisheni ya kipengele na faktori bila kuondoa mchango wa faktori nyingine, ndiyo maana kila kitu humo kinaonekana kimeshikamana na kila kitu.

Kwenye kusoma uzito, kwa watu 132 koreleisheni isiyokuwepo kabisa huyumba kwa takribani 0.09 upande wowote kwa bahati tu. Uzito wa 0.32 ambao vitabu vinauruhusu ni mdogo mno kwa sampuli yako, weka 0.40 angalau. Kipengele ambacho uzito wake mkubwa hauuzidi wa pili kwa 0.20 ni mshukiwa: kile chako chenye 0.48 na 0.45 kiondoe. Ila ondoa kimoja, endesha upya, tazama, ndipo uondoe kingine. Ukifuta vinne kwa mpigo hutajua kipi kilikuwa kinakivuruga kingine. Na kabla ya kufuta chochote, rudi kwenye maneno ya swali. Pengine linauliza mambo mawili kwa pamoja ("riba ni nafuu na malipo ni rahisi"), na hilo ndilo la kuandika kwenye tasnifu kama sababu.

KMO ya 0.71 Kaiser aliiweka daraja la wastani, inapita. Ila hiyo ni ya jumla. Angalia ulalo wa jedwali la anti-image, ambapo kila kipengele kina KMO yake: kipengele chenye chini ya 0.50 hapo hakina wenzake. Jaribio la Bartlett (la kama koreleisheni zote ni sifuri) usilijengee aya nzima. Kwa sampuli ya zaidi ya mia moja ni nadra mno lisitoe p < 0.001. KMO ikikataa kabisa kutokea, jedwali lako la koreleisheni halina kinyume (haliwezi kugeuzwa kihesabu). Mara nyingi mtu ameweka jumla ya alama pamoja na vipengele vilivyoizaa, au kigeu kimoja kimeingia mara mbili.

Halafu kuna uchafu wa data unaojifanya nadharia. Misimbo ya 98 na 99 ("sijui", "hakujibu") ikisahaulika bila kutangazwa kama pengo, vipengele vilivyorukwa na wengi vitaunda faktori nono ya kwanza yenye uzito wa 0.9. Endesha jedwali la masafa la kila kipengele kabla ya yote. Dakika kumi tu. Kujaza mapengo kwa wastani kunapunguza koreleisheni, kwa hiyo usibofye Replace with mean. Vipengele vilivyoulizwa kwa kukanusha navyo vina tabia ya kujitenga na kuunda faktori yao. Skeli ya kujithamini ya Rosenberg, yenye sentensi 5 chanya na 5 hasi, imezua mjadala wa miaka mingi kama inapima mambo mawili au jambo moja lililoulizwa kwa namna mbili. Kwa dodoso la Kiswahili hatari inaongezeka: mtu anayetakiwa kusema "sikubaliani" na sentensi yenye "si" ndani yake hujichanganya. Kama faktori yako ya pili ina vipengele vya kukanusha vitupu, usiipe jina la dhana.

Ukiona onyo kwamba mtawanyiko wa pamoja wa kipengele (sehemu kinayoshirikiana na vingine) umezidi 1, umeomba faktori nyingi mno, au una vipengele viwili ambavyo ni swali moja lililorudiwa. Punguza faktori, au toa kimoja.

Ukubwa wa sampuli: una watu 5.5 kwa kila kipengele, na kuna atakayekuambia lazima iwe 10. MacCallum na wenzake walionyesha mwaka 1999 kwamba uwiano huo wenyewe si kigezo kizuri. Mitawanyiko ya pamoja ikiwa mikubwa, ya 0.6 na kuendelea, na kila faktori ina vipengele vya kutosha, sampuli ya mia moja na kitu inaweza kutosha. Ikiwa midogo, hata 300 huyumba. Tazama safu hiyo (Communalities) kwenye matokeo yako, ndiyo itakayokutetea siku ya utetezi.

Alfa ya Cronbach (kipimo cha vipengele kukubaliana) ya 0.86 uliyoitaja kwa vipengele vyote 24 haithibitishi kwamba unapima kitu kimoja. Kwa vipengele 24, wastani wa koreleisheni wa 0.20 tu unatosha kutoa alfa ya 0.86. Ikokotoe kwa kila faktori peke yake baada ya kukamilisha muundo.

Na lile ombi la kufanya CFA (uchanganuzi wa faktori wa kuthibitisha muundo uliopangwa mapema) kwa data hiyo hiyo "ili kuthibitisha" likatae kwa heshima. Muundo uliochongwa kutoka kwa watu 132 utawafaa watu 132 wale wale. Kuwagawa mara mbili kunakuacha na 66, ambao hawatoshi. Lakini kama vipengele umevichukua kwenye modeli iliyokwisha kujulikana, na ulijua tangu mwanzo kipi ni cha dhana ipi, basi ruka uchunguzi uende CFA moja kwa moja. Vigezo vya Hu na Bentler (1999) vya modeli kuifaa data ni CFI karibu 0.95, RMSEA karibu 0.06 na SRMR karibu 0.08.

Wadau wa fani nyingine walioingilia uzi huu, mahitaji yenu si haya yote. Wa afya wanaotumia PHQ-9 (dodoso la maswali 9 la dalili za sonona): madaraja ni manne na majibu yamelalia sifuri, kwa hiyo polikoriki ni lazima, lakini swali la tisa, la mawazo ya kujiua, huwa na seli tupu nyingi kiasi cha kuyumbisha makadirio. Unganisha madaraja ya juu. Wa uchumi wa kaya wanaotengeneza kielezo cha utajiri kama cha tafiti za DHS (za afya na idadi ya watu), ninyi vijenzi vikuu ndivyo sahihi, maana mnafupisha orodha ya mali. Mnachukua kijenzi cha kwanza tu na kugawa kaya katika makundi matano. Tahadhari ni kwamba umeme na sakafu ya saruji huwapandisha wa mjini, huku ng'ombe na shamba la mtu wa kijijini havionekani, ndiyo maana DHS ilikuja kukokotoa mjini na vijijini kando kabla ya kuunganisha. Wa mfululizo wa takwimu za miezi: ondoeni mwelekeo kwanza kwa kutafuta tofauti kati ya kila mwezi na uliotangulia, la sivyo faktori ya kwanza itakuwa muda wenyewe.

Mdau wa udongo ndiye mwenye kazi. Asilimia za madini zinazojumlishwa kuwa 100 zinalazimisha koreleisheni hasi, kwa kuwa kimoja kikipanda lazima kingine kishuke. Badilisha kwa logi ya uwiano dhidi ya wastani wa kijiometri wa sampuli husika, na kwanza shughulikia sifuri na thamani zilizo chini ya uwezo wa kifaa, kwani sifuri haina logi. Baada ya mabadiliko hayo jedwali halina kinyume, kwa hiyo KMO haitatoka. Msomaji asiyejua atakudai, mweleze kwenye mbinu.

Mkuu wa mikopo ya simu, endesha upya kwa faktori 3, oblimin, kisha bandika hapa Pattern Matrix pamoja na maneno ya vipengele vyote 24 kama wahojiwa walivyoyasikia. Bila maneno hayo hatuwezi kukusaidia kwenye majina.