Damu Chooni Si Amiba Kila Mara

Mimi na dada yangu tumekulia Mikindani, Mtwara, tukila sufuria moja: ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi, samaki, na ming'oko, vile viazi pori, msimu wake ukifika. Mimi nina kolitisi ya vidonda, ugonjwa wa ukuta wa utumbo mpana kuvimba na kutoa damu. Yeye mzima kabisa. Kwa hiyo mtu akiniuliza nilikula nini mpaka nikaugua, namwambia aanze na ukoo.

Mwaka 2001 wanasayansi waliihusisha jeni ya NOD2 na ugonjwa wa Crohn, ndugu wa huu wangu, unaoweza kuvimbisha sehemu yoyote ya njia ya chakula. Leo maeneo zaidi ya 200 ya vinasaba yanahusishwa na magonjwa haya mawili. Mzazi au ndugu wa tumbo moja akiwa na mojawapo, uwezekano wako unapanda. Lakini hata kwa mapacha wa kufanana, mmoja akipata kolitisi, mara nyingi mwenzake hapati.

Chakula kina nafasi yake. Bakteria wa utumboni huchachusha nyuzinyuzi za mbaazi, kunde na mtama, wakatengeneza butireti, aina ya asidi ambayo seli za utumbo mpana huitumia kupata nguvu. Ndiyo maana nikiwa nimetulia nakula mbaazi za nazi bila woga. Ugonjwa ukiamka, ming'oko na korosho naweka kando; nakula wali laini na changu wa kuchemsha. Hapo napunguza msokoto na safari za chooni tu. Uvimbe wenyewe unatulizwa na dawa, na inaniuma sana kuona mgonjwa ameacha mesalazini, dawa ya kutuliza uvimbe huo, kwa ajili ya chupa ya mitishamba.

Huku kwetu amiba ipo na kichocho kipo, kwa hiyo pima choo kwanza. Ukitibiwa na damu ikarudi, usipokee dozi nyingine hivihivi. Omba rufaa ya kipimo cha kamera inayoingizwa kutazama utumbo mpana, wachukue na kinyama kidogo cha utumbo wakakipime. Na nenda na habari za ukoo wako. Mambo ya choo hayasemwi mbele za watu. Mama alinitajia mjomba wake aliyeharisha damu miaka mingi tulipokuwa wawili tu uani, tunabangua korosho. Waulize wazee wako hivyo, faraghani.

Kama unaishi na kolitisi kwa takribani miaka 8, muulize daktari kuhusu kamera ya kuchunguza saratani ya utumbo mpana, hata kama huumwi.